Nasaha kwa Mwalimu wa Kujitolea Aendaye Mkwaja

Kijana wa Kikristo aliyejaliwa kuijua lugha ya Kiingereza, akatia azma moyoni ya kwenda kuifundisha bila ujira katika kijiji cha pwani ambacho wakazi wake wengi ni Waislamu, ametia azma njema, nami ni mmoja wa wamwombeao heri. Walakini nia njema peke yake haijapata kumfundisha mtoto hata neno moja, na wema usioandamana na busara aghalabu humchosha autendaye na kumtia shaka atendewaye. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kuandika haya kwa faida ya vijana kama hao, nikichukua mfano wa Mkwaja, kijiji cha kale cha Wilaya ya Pangani, kilicho ufukoni baina ya mji wa Pangani na Saadani. Maana yampatayo mwalimu mgeni pale ndiyo yampatayo Kipumbwi, Ushongo na katika vijiji vingi vya mwambao wetu.

Jambo la kwanza, nalo ndilo shina la yote nitakayosema, ni kujua umekabidhiwa nini. Mzazi wa Mkwaja amletapo mwanawe kwako, amekupa amana ya mtoto kwa ajili ya lugha; hakukupa ruhusa juu ya imani yake. Ukiitunza amana hiyo kwa insafu, ukamfundisha mtoto Kiingereza kwa ukamilifu na kumrudisha kwao akiwa mwana wa wazazi wale wale na dini ile ile, umemtumikia Mungu wako kwa uaminifu. Na ukiitumia nafasi ya darasa kupenyeza mahubiri, hata kwa wimbo mdogo au picha ya ukutani, umevunja ahadi ambayo mzazi aliiamini bila kukuandikisha hati. Nafasi ya Mkristo kuidhihirisha imani yake kijijini ni mwenendo: kufika kwa wakati, kusema kweli, kulipa deni, kutosengenya, kutopendelea. Mwenendo huo hauna haja ya tangazo.

Tahadhari ya wazazi wa pwani ina asili yake, na mwalimu asiyeijua ataidhania kuwa chuki. Mapadri wa Misheni ya Vyuo Vikuu, wale walioitwa UMCA, walifika Unguja mwaka 1864, na baada ya miaka michache wakapata makao Magila, nyuma ya Tanga, katika nchi ya Wabondei. Walifundisha kwa bidii, wakalea walimu na makarani ambao nchi hii iliwahitaji sana. Lakini shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja, hata mzazi Mwislamu akaliona darasa kuwa ni mlango wa kumtoa mwanawe katika dini ya baba zake. Wajerumani walipofungua Tanga shule ya serikali, mwanzoni mwa miaka ya 1890, isiyokuwa chini ya misheni yoyote, sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo, kwamba watu wa pwani hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao kwa mapadri. Chini ya Waingereza shule nyingi ziliendelea kuwa mikononi mwa misheni, mpaka nchi ilipokwisha kupata uhuru na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaiwezesha serikali kuzitwaa, ili mtoto wa kila dini aingie bila hofu. Leo ibara ya 19 ya Katiba yetu inamlinda kila mtu katika imani yake. Hata hivyo kumbukumbu za watu hazifutiki kwa sheria. Zinafutika kwa kuona vitendo vilivyo kinyume cha yale waliyoyaogopa, na wewe uendaye Mkwaja ni mmoja wa watakaotazamwa.

Basi kabla ya kufunga mizigo, fuata mlango. Asiye raia ahakikishe kwamba kibali chake cha ukaazi kinamruhusu kazi ya kujitolea. Na raia pia asijifikishe shuleni kwa sababu tu anafahamiana na mwalimu mmoja. Pata barua ya utambulisho kutoka kwa wakubwa wa elimu wa wilaya, kisha uonane na afisa elimu wa kata, kisha mwalimu mkuu. Na ukifika kijijini, siku ile ile au kesho yake asubuhi, nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na baada yao kwa imamu wa msikiti. Kwa imamu usiende kuomba ruhusa ya dini, bali kutoa heshima: jitaje jina lako, sema wazi kwamba wewe ni Mkristo, sema umekuja kufundisha Kiingereza na kwamba hutafundisha jambo jingine, na umwulize saa za chuo cha Kurani ili madarasa yako yasigongane nazo. Maneno hayo yakisemwa na wewe mwenyewe mapema, yanaziba nafasi ya maneno mengi ambayo yangesemwa na wengine baadaye.

Nenda ukae muda wa kutosha. Mwaka wa shule huanza Januari na kumalizika Desemba, nao umegawanyika mihula miwili. Ajaye kwa wiki chache huwashughulisha walimu kumpokea, huwazoesha watoto sauti yake, kisha huondoka wakati ambapo ndiyo kwanza wameanza kumfahamu. Kama huwezi mwaka mzima, jitahidi angalau muhula mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na uchague jambo dogo linaloweza kukamilika katika muhula huo.

Ukishapata chumba, jifunze kuishi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nawe usingoje kupewa, bali siku ya tatu uwe umekwisha kujua kisima kilipo, zamu ya kuchota maji, mahali pa kutupa taka, na nani mgonjwa katika nyumba ya jirani. Usimpite mkubwa wako bila shikamoo, hata ukiwa na haraka ya kipindi. Piga hodi, na usipojibiwa mara ya tatu, rudi. Vaa mavazi ya staha: mwanamume asitembee kijijini kwa kaptura wala kifua wazi, na mwanamke awe na khanga au kitenge cha kumsitiri, na mtandio wa kujitanda aendapo msibani au penye Maulidi. Usilete pombe wala nyama ya nguruwe nyumbani kwa watu, na kuku wako mpe Mwislamu akuchinjie, ili jirani aweze kula nawe pasipo kusitasita. Chemsha maji ya kunywa, lala ndani ya chandarua, na usione haya kwenda zahanati mapema homa inapokushika, kwa maana mwalimu mgonjwa ni mzigo wa kijiji kizima.

Katika mwezi wa Ramadhani fundisha kwa upole zaidi. Watoto wengi wakubwa hufunga, na mchana huwaishia nguvu. Basi somo zito liweke mapema asubuhi, na la mwisho liwe la kusikiliza hadithi au kusoma kimya. Kula chakula chako faraghani. Na ukialikwa kufuturu, usikatae bila udhuru, kwani sinia ya futari ni heshima kubwa ambayo mwenyeji humpa mgeni. Sikukuu ya Idi zunguka upeleke mkono wa Idi kwa majirani. Na penye mauti, acha kazi zote zinazoachika: simama na watu, sindikiza jeneza mpaka makaburini kwa kadiri dasturi inavyokuruhusu, toa mchango wako wa rambirambi kimya kimya, kaa jamvini. Hakuna somo la lugha litakaloziba pengo la mwalimu aliyekosekana matangani.

Tena ijue kalenda ya kijiji, kwa sababu rejesta ya darasa hutawaliwa nayo. Mkwaja ni kijiji cha bahari na shamba. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya bamvua hukupwa mbali sana, na watu wengi, pamoja na watoto, hushuka pwani kuchokoa riziki. Siku za maji mafu shughuli hizo hupungua. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na wakati wa kaskazi hutulia, wavuvi wakapata kwenda mbali. Masika, tangu Machi hata Mei, ni wakati wa kulima na wa njia kukatika. Vuli huja kuanzia Oktoba. Mtoto akikosekana siku za kupanda, au akiwa shambani kufukuza ngedere na nguruwe mwitu, usimwadhibu kabla ya kuuliza. Na kwa kuwa kijiji kinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 na kuingiza ndani yake ardhi ya iliyokuwa Ranchi ya Mkwaja, wanyama wa porini hawako mbali na mashamba. Basi darasa la ziada lisivuke magharibi, na watoto waendao kwao waende kwa makundi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza kwake ni somo moja miongoni mwa mengi; aingiapo kidato cha kwanza, hukuta jiografia, hesabu na sayansi zote zimegeuka kuwa kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini aliye na vitabu nyumbani huyumba. Mtoto wa Mkwaja, ambaye hakisikii Kiingereza popote ila darasani, huanguka, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kutoelewa swali. Hapo ndipo huduma yako inapohitajika kuliko popote. Ukiweza kumfikisha mwanafunzi mahali pa kuusoma ukurasa wa kitabu cha kidato cha kwanza akaufahamu, na kuandika sentensi tano sahihi kwa mkono wake, umemfungulia masomo yote kwa pamoja.

Usianze na sarufi. Anza na vitu ambavyo mtoto anavijua kuliko wewe: wavu, ngarawa, tanga, mnazi, kifuu, pweza, mawimbi, tembo. Mpe jina la Kiingereza la kila kimoja, kisha kitendo, kisha sentensi, kisha mwache akueleze jinsi nyavu zinavyoshonwa au nazi inavyokunwa. Mtoto anayelieleza jambo analolimudu hupata ujasiri wa kukosea, na asiyekosea mbele ya mwalimu hasemi milele. Jihadhari na darasa zima kuitikia kwa sauti moja. Hufurahisha masikio, lakini wanafunzi kumi wanaojua huwaficha wengine wasiojua. Wagawe wawiliwawili, mmoja aulize na mwingine ajibu, nawe pita katikati yao ukisikiliza. Ubao na chaki vinatosha. Mashine zinazohitaji umeme zisiwe nguzo ya somo lako.

Yako makosa yatokayo katika lugha yenyewe, nayo yasahihishwe kwa subira. Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kwa hiyo mtoto atasimulia habari za mama yake kwa neno la mwanamume. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo ataongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza. Nayo saa yetu huhesabiwa tangu mapambazuko, hata saa mbili ya asubuhi kwetu ni ya nane kwa Waingereza, jambo ambalo huwapotosha hata watu wazima katika barua na safari. Tenga kipindi kizima kwa jambo la saa, na uchore ubaoni nyuso mbili za saa kwa pamoja. Lakini kamwe usimcheke mwanafunzi, wala usimruhusu mwenziwe kumcheka, wala usimwadhibu kwa kusema Kiswahili.

Elewa pia kwamba wengi wa watoto hawa hawaji kwako mikono mitupu. Tangu wadogo wamekaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Wamezoea kuheshimu kitabu, kukaa na somo gumu kwa muda mrefu, kuhifadhi kwa moyo, na kuzisoma hati mbili, moja ikianzia kulia na nyingine kushoto. Hiyo ni hazina kubwa. Mwalimu mwenye busara huitumia hifadhi hiyo kwa mashairi mafupi na mazungumzo ya Kiingereza, kisha huwavusha watoto kutoka katika kukariri hadi kutunga. Na akikutana na mwalimu wa chuo njiani, humsalimu kama mwenziwe katika kazi moja, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Wala usikitukuze Kiingereza kwa kukidunisha Kiswahili. Umefika Tanga, mkoa alikozaliwa Shaaban Robert, huko Vibambani, mwaka 1909; mtu aliyefanya kazi ya ukarani katika serikali ya Waingereza kwa miaka mingi, na hata kufa kwake mwaka 1962 kalamu yake ilikuwa ya Kiswahili. Na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkristo na mwalimu kabla ya kuwa Rais, alikijua Kiingereza cha Shakespeare kiasi cha kukifasiri kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Waeleze watoto habari za watu hawa wawili, mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, wafahamu kwamba lugha ya pili ni nyongeza na haitaki kafara ya lugha ya kwanza. Nawe mwenyewe, hasa kama umetoka bara au ng'ambo, uwe mwanafunzi wa Kiswahili cha pwani. Edward Steere, aliyefika Unguja na misheni ile ya UMCA mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliketi kwanza na wenyeji akasikiliza, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili pamoja na kitabu cha hadithi alizosimuliwa Unguja. Aliyekuja kufundisha alitangulia kujifunza, na mpaka leo wanachuoni wa lugha wanafaidi kazi yake.

Katika jambo la kuwalinda watoto sitatumia lugha laini. Usikae faraghani na mwanafunzi, wa kike wala wa kiume. Fundisha penye milango wazi, na darasa la ziada liwe na idhini ya mwalimu mkuu na wazazi. Usipige picha za watoto ukazisambaza ili ndugu zako wakusifu kwa wema. Umaskini wa mtu si pambo la mtu mwingine. Na fedha zisipite mkononi mwako kwenda kwa mtoto mmoja mmoja. Ukipata madaftari au vitabu, vikabidhi shuleni viandikwe katika daftari la mali ya shule. Ukitaka kumsaidia yatima, msaidie kwa kupitia mwalimu mkuu na ndugu zake. Zawadi ya siri huzaa husuda baina ya watoto, na huwapa watu sababu ya kuuliza zawadi hiyo imelipia nini.

Huenda ukaulizwa habari za imani yako. Mtoto akikuuliza darasani, mwambie kwa upole kwamba swali hilo akawaulize wazazi wake, kisha endelea na somo. Mtu mzima akikuuliza barazani, mjibu kweli kwa maneno machache, usifiche wala usishindane, na ukiona mazungumzo yanageuka mabishano, omba radhi uondoke. Imani isiyoweza kukaa kimya mbele ya mtu asiyeuliza haijapata utulivu. Kwa upande wako, iruzuku nafsi yako ibada: Jumapili yako iheshimu, kama kwa kusali chumbani pamoja na Wakristo wachache walio karibu, au kwa kwenda kanisani Pangani pale nauli na barabara vinapoafiki. Adhana ya alfajiri itakapokuamsha, inuka nawe usali kwa namna yako. Hakuna wakati ulio bora zaidi. Upweke utakuja, aghalabu baada ya wiki za kwanza, wakati mambo mapya yamekwisha kuwa ya kawaida. Dawa yake ni kutoka nje ukae barazani na watu, wala si kujifungia ndani na simu.

Na tangu siku ya kwanza tengeneza kuondoka kwako. Mwalimu wa kujitolea hupita, na mwalimu wa shule hubaki. Kwa hiyo usifundishe peke yako hata kipindi kimoja ikiwa mwenzako mwenyeji aweza kuwamo. Andaeni somo pamoja, badilishaneni kushika chaki, mwachie maandalio yako yote yakiwa yameandikwa vizuri, na mbele ya wanafunzi msifu yeye kuliko nafsi yako. Kazi ikimalizika, rudi kwa mwenyekiti, kwa mwalimu mkuu na kwa imamu kuaga, kama ulivyokwenda kujitambulisha; lipa kila deni dukani; eleza kwa wazi nini umekamilisha na nini umekiacha nusu. Usiahidi kurudi kama huna hakika. Kipimo cha kazi yako ni mambo mawili tu: je, watoto wanakisoma na kukisema Kiingereza kuliko ulivyowakuta, na je, mwalimu Mkristo atakayefuata baada yako, mzazi wa Mkwaja atamletea mwanawe bila kusita? Ukiweza kuyajibu yote mawili kwa ndiyo, amana umeirudisha kamili.